Moshi wa Stendi: Mabasi ya Umeme Yaanzie Wapi?



Anayesafiri alfajiri kutoka Njombe katika mwezi wa Juni au Julai anajua hali ilivyo. Baridi inauma vidole, umande umeganda kwenye majani, na stendi inaamka kabla ya jua. Dereva anawasha injini ili ipate moto. Utingo anapanga mizigo, wapiga debe wanaita abiria, na injini inanguruma pale pale kwa nusu saa au zaidi. Moshi wake haupandi juu. Hewa ya baridi imelala chini, na hewa yenye joto kidogo imekaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Basi moshi unatambaa kati ya magari, unaingia kwenye vibanda, unakaa.

Abiria anavumilia, maana anajua kwamba baada ya muda ataondoka. Lakini yupo mama anayeuza chai na vitumbua, mtoto wake akiwa mgongoni. Yeye haondoki. Basi la kwanza likitoka, la pili linawasha. La pili likitoka, kosta iliyotoka Makambako inaingia. Mama huyu na mtoto wake wamekaa katika moshi huo tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka jioni, siku sita au saba kwa wiki.

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia maji safi, chandarua, chanjo na lishe. Mwezi huu tunaomba tuzungumzie mabasi. Siku hizi yanasemwa mengi juu ya mabasi ya umeme, na wengi wetu tunayasikia kama habari ya mijini, isiyotuhusu. Sisi tunaona kwamba inatuhusu, na kwamba ni habari ya afya kabla ya kuwa habari ya mitambo.

Moshi wa dizeli hufanya nini mwilini?

Moshi wa dizeli una masizi, yaani chembechembe nyeusi za kaboni, pamoja na gesi mbalimbali zenye sumu. Chembe zinazotuhangaisha zaidi ni zile ndogo kabisa. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa mara 20 au zaidi kuliko chembe hizo. Kwa sababu ya udogo wake, pua na koo haziwezi kuzizuia. Zinashuka hadi kwenye vifuko vidogo vya mapafu, na nyingine zinapita na kuingia katika damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi na pumu. Yanagusa pia moyo na mishipa ya damu, na huweza kuleta kiharusi.

Mwezi wa Juni mwaka 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Katika kundi hilo hilo imo sigara. Shirika hilo linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa, wa nje na wa ndani ya nyumba kwa pamoja, unaua watu wapatao milioni 7 kila mwaka duniani.

Mtoto anaumia zaidi kuliko mtu mzima, na sababu yake ni rahisi kuelewa. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga huvuta mara 30 hadi 60. Kwa uzito wake mdogo anavuta hewa nyingi kuliko sisi, na mapafu yake bado yanajengwa. Mtoto mwenye umri wa kutembea naye ana kimo kinacholingana na bomba la moshi la basi. Sisi watu wazima tukisimama karibu na gari, moshi unatupiga magotini au kiunoni. Yeye unampiga usoni.

Hapa tungependa kusahihisha jambo moja linalosemwa sana. Mafundi wa magari na wauzaji wengi wa stendi hunywa maziwa wakiamini kwamba yanaosha moshi kifuani. Maziwa ni chakula kizuri, na anayeweza kuyapata ayanywe. Lakini maziwa huenda tumboni, na moshi uko kwenye mapafu. Njia hizi mbili hazikutani. Hakuna kinywaji kinachoosha mapafu. Dawa ya moshi ni kutouvuta.

Je, moshi wa jikoni?

Msomaji makini atatuuliza: mbona mnahangaika na mabasi, wakati moshi mkubwa uko jikoni kwetu? Ni swali la haki, na hatutalikwepa. Katika nyumba nyingi za mkoa wetu bado tunapika kwa kuni na mkaa, na wakati wa baridi tunaota moto ndani, milango ikiwa imefungwa. Kwa mama na watoto wa nyumba za namna hiyo, moshi wa jikoni huenda ukawa mwingi kuliko wa barabarani. Tumekwisha kulisema na tutalisema tena: jiko liwe na dirisha au bomba la kutolea moshi, kuni zikauke vizuri, mtoto asilazwe karibu na moto, na anayeweza kupata jiko la gesi au la umeme alitumie.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Jiko ni letu. Baba na mama wakikubaliana, wanaweza kutoboa dirisha Jumamosi hii. Stendi si ya mtu mmoja. Mama muuza chai hawezi kuizima injini ya basi la mtu mwingine. Hawezi kuihamisha stendi, wala hana pesa za kukaa nyumbani. Moshi ambao mtu hawezi kujiepusha nao mwenyewe, ni wajibu wetu sote kumwepusha nao.

Wenzetu wamefika wapi?

Basi la umeme si ndoto tena. Mji wa Shenzhen huko China ulimaliza kugeuza mabasi yake yote ya mjini kuwa ya umeme mwishoni mwa mwaka 2017, na mabasi hayo yalikuwa zaidi ya 16,000. Tukirudi karibu na nyumbani, jijini Nairobi kampuni ya BasiGo ilianza majaribio ya mabasi ya umeme mwezi wa Machi 2022, ikiyaweka mikononi mwa makampuni ya matatu yaliyokuwa yakibeba abiria kila siku. Baadaye ikaenda Kigali, Rwanda. Waganda nao wana kiwanda cha Kiira Motors kule Jinja, na basi lao la umeme liitwalo Kayoola.

Hapa Tanzania tumeanza kwa reli. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Wengi wetu tuliopanda treni hiyo tulishangazwa kwanza na utulivu wake, kisha na kukosekana kwa moshi. Mtu anashuka na shati lake likiwa safi kama alivyopanda.

Tena sisi wa nyanda hizi tuna mfano wetu wenyewe. Kwa miaka mingi mji wa Songea ulipata umeme kutoka kwa jenereta za dizeli. Mwaka 2018 njia kubwa ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilifika Songea kupitia Madaba, na jenereta zile zikazimwa. Hakuna aliyelilia moshi wake. Tulichokifanya kwa jenereta za mji mzima tunaweza kukifanya, pole pole, kwa mabasi.

Umeme wenyewe unatoka wapi? Sehemu ni ya gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara, kwa hiyo tusidanganyane kwamba hauna moshi kabisa. Lakini sehemu kubwa sasa ni ya maji. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115 kwa jumla. Na tujue kwamba mto wetu wa Ruhuji hapa Njombe unateremka hadi Kilombero, na Kilombero inaingia Rufiji. Maji tunayoyaona yakianguka hapa kwetu yanakwenda kuzungusha mitambo ile. Dizeli, kwa upande wake, inaletwa kwa meli, na kila mwezi tunasubiri EWURA itutangazie bei mpya huku tukishika vichwa.

Yaanzie wapi?

Hapa ndipo tunapotaka kutoa maoni yetu. Mara nyingi basi la umeme linapotajwa, watu huwaza basi kubwa la kifahari, lenye viti vya kulala, linalotoka mkoani hadi Dar es Salaam. Sisi tunasema lisianzie huko. Basi la safari ndefu linapita stendi mara moja kwa siku, na sehemu kubwa ya moshi wake linauacha porini. Tena safari ndefu ndiyo ngumu zaidi kwa betri.

Mabasi ya umeme yaanzie mahali ambapo watu wanakaa katika moshi kwa muda mrefu zaidi. Maana yake ni safari fupi, zile kosta na daladala zinazokwenda na kurudi mara nyingi kwa siku, na kila zinaporudi zinasimama na kunguruma stendi. Kwetu sisi, njia ya kwanza kabisa ingekuwa Makambako hadi Njombe.

Tufanye hesabu kidogo. Kutoka Makambako hadi Njombe ni kilomita kama 60, na kwenda na kurudi ni 120. Mabasi ya kwanza yaliyopelekwa Nairobi, yenye viti 25, yalielezwa kwamba yanaweza kwenda kilomita 250 hivi kwa kuchajiwa mara moja. Sisi tusizihesabu zote. Njia yetu ina milima, asubuhi zetu ni za baridi, na baridi hupunguza nguvu za betri. Abiria wetu nao hawasafiri mikono mitupu. Kuna gunia la viazi, kuna kreti za parachichi. Tuseme robo nzima imepotea. Bado zinabaki kilomita zaidi ya 180. Basi litakwenda na kurudi mara moja bila wasiwasi, lichajiwe mchana, kisha liende na kurudi tena. Kwenye miteremko mota ya umeme hugeuka kuwa kama jenereta na kurudisha umeme kidogo kwenye betri, na breki zinapumzika.

Makambako ina sababu ya ziada. Mji ule umekaa kwenye njia panda ya barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia na barabara ya kwenda Njombe na Songea. Malori yanapita usiku na mchana. Basi la umeme halitaondoa moshi wa malori, na hatutaki kumwahidi mtu hivyo. Lakini mji unaobeba moshi wa wapita njia wa nchi tatu au nne una haki ya kupunguziwa angalau moshi wa mabasi yake wenyewe.

Mashaka yaliyo ya kweli

Hatutaki msomaji afikiri kwamba tumelewa habari za umeme. Yapo mashaka manne ambayo ni ya kweli.

La kwanza ni kukatika kwa umeme. Tunaukumbuka mgao wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024. Bwawa la Nyerere limepunguza upungufu wa nchi, lakini nguzo ikianguka kwa mvua hapa kwetu, bwawa halitusaidii. Kwa hiyo mabasi yasiletwe kabla kituo cha kuchajia hakijajengewa njia ya uhakika. Tena magari ya dizeli yasiondolewe siku moja. Yaanze mawili au matatu, watu wajifunze.

La pili ni nauli. Basi la umeme lina bei kubwa ya kununua kuliko la dizeli, hasa kwa sababu ya betri, ingawa uendeshaji wake ni nafuu. Mwenye kosta moja aliyokopea hawezi kubeba mzigo huo peke yake. Nairobi walipata njia: mwenye basi analipia gari, lakini betri na kuchaji anavilipia kidogo kidogo kwa kila kilomita anayotembea. Njia ya namna hiyo inafaa kufikiriwa hapa, pengine kwa kupitia vyama vya akiba na mikopo. Lisilofaa ni hewa safi kulipiwa na mwanafunzi au mgonjwa anayekwenda hospitali ya Kibena. LATRA wanaopanga nauli walitazame hilo mapema.

La tatu ni kazi za vijana. Injini ya dizeli ina vipuri vingi na inahitaji mafuta na filta kila mara, na hapo ndipo fundi anapopata mkate wake. Mota ya umeme ina vipuri vichache. Fundi wetu asiachwe nyuma, afundishwe mapema. Vyuo vya ufundi vianze sasa, kabla mabasi hayajafika, vinginevyo gari la kwanza likiharibika tutaita fundi kutoka Nairobi. Na betri zikichakaa zisitupwe kwenye korongo. Zirudi kwa aliyezileta.

La nne ni utulivu wa gari lenyewe. Tunaousifu utulivu huo tukumbuke kwamba asiyeona huvuka barabara kwa masikio yake, na mtoto mchezaji hushtuliwa na ngurumo. Nchi za Ulaya zimekwisha kutunga sheria kwamba magari mapya ya umeme yatoe sauti yanapokwenda pole pole. Nasi tudai hivyo hivyo tangu mwanzo, hasa ndani ya stendi.

Mashaka haya yote yanatudai tujiandae. Hayatupi sababu ya kuendelea kuvuta moshi miaka mingine 20.

Tunaloweza kufanya wiki hii

Basi la umeme likija mwaka kesho au baada ya miaka kumi, lipo jambo moja lisilohitaji mkopo wala mtaalamu: kuzima injini ya gari lililosimama.

Madereva watatuambia kwamba injini lazima ipate moto. Ni kweli, na breki za upepo zinahitaji kujaa kabla gari halijaondoka. Lakini kazi hiyo ni ya dakika chache, si ya nusu saa. Injini hupata moto haraka zaidi ikitembea taratibu kuliko ikisimama. Tena injini ya baridi inayonguruma bila kazi ndiyo inayotoa moshi mchafu zaidi, na inakunywa mafuta ya mwenye gari bure. Tunawaomba wasimamizi wa stendi zetu za Njombe na Makambako waweke utaratibu: gari liwashwe likiwa karibu kuondoka, na linalosubiri abiria lizime. Wenye magari watapata faida siku ile ile.

Vibanda vya chakula navyo vihamishwe kutoka nyuma ya magari. Magari yapangwe ili mabomba yake ya moshi yaelekee nje, yasielekee mahali wanapokaa watu. Akina mama wa stendi waulizwe wenyewe wapi moshi unawaumiza zaidi. Wanajua kuliko mtaalamu yeyote.

Nanyi wazazi, msisubiri basi mkiwa mmesimama nyuma yake na mtoto mgongoni. Sogeeni upande upepo unakotoka. Mtoto mwenye kikohozi achunguzwe namna anavyopumua akiwa ametulia na halii. Hesabuni pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 mara 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, huenda ana nimonia. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, msingoje hata saa moja.

Ndugu wasomaji, halmashauri zetu zitakapokaa kuzungumzia usafiri, wengi watauliza bei ya basi. Ni sawa waulize. Lakini nasi, katika mikutano ya mitaa na vijiji, tuulize swali letu: huyu mama wa chai na mtoto wake watavuta nini? Jibu la swali hilo ndilo lituonyeshe basi la kwanza la umeme lipewe njia gani. Na kabla halijafika, dereva wa kosta ya saa kumi na mbili asubuhi anaweza kuanza kulijibu kesho, kwa kuzima injini mpaka abiria wake wajae.